Intavyuu ya fomu wani shule binafsi: mwongozo kamili kwa mzazi mwenye mtoto darasa la saba

Wazazi wengi wenye watoto wa la saba wanajua vizuri kwamba mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) ni mwezi wa tisa, lakini intavyuu za shule binafsi zinawakuta hawajajipanga kabisa, mtu anasikia kwa jirani kwamba shule fulani wanafanya Jumamosi hii, Alhamisi anakimbilia fomu, Jumamosi mtoto kakalishwa kwenye kiti anaangalia pepa ya Hisabati yote Kiingereza na haina hata A B C D ya kuchagua. Anatoka na 30. Baba mtu anashangaa maana huyu darasani kwao hajawahi kutoka tatu bora.

Mimi nafundisha Hisabati sekondari, shule binafsi, na kila msimu nipo kwenye timu ya kusahihisha hizo pepa. Nisikufiche: watoto wengi wanaoanguka hawaangushwi na Hisabati. Wanaijua. Kinachowamaliza ni kwamba swali limekuja kwa Kiingereza na jibu linatakiwa lionyeshe njia, na hivyo viwili hakuna mtu aliyewahi kuwazoesha. Kwa hiyo maandalizi hapa kazi yake kubwa siyo kumjaza mtoto topiki mpya za sekondari kama wanavyofanya tuisheni nyingi, kazi ni kuchukua anachokijua tayari kwa Kiswahili na kukihamishia kwenye Kiingereza cha kuandika. Ukilishika hili utaokoa hela nyingi sana.

Nitaongea zaidi na mzazi wa mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, maana ndiye anayehangaika zaidi. Wa Inglishi midiamu nanyi someni, kwenye njia za Hisabati wanenu wanapoteza maksi vilevile.

Hatua ya 1: Chagua shule kwanza, fomu baadaye

Usianze na tangazo la kwenye nguzo au lile linalozunguka WhatsApp. Anza na matokeo. Tangu Januari 2023 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora, kwa hiyo ukiona bango limeandikwa "kumi bora kitaifa" angalia ni la mwaka gani. Matokeo yenyewe yako wazi kwenye tovuti ya NECTA na kuyasoma siyo kazi. Fungua matokeo ya kidato cha nne, tafuta jina la shule, juu kabisa utaona kijedwali cha divisheni I mpaka IV na sifuri, wasichana na wavulana mbalimbali. Shuka chini utakuta GPA ya shule, na hapa wengi wanachanganya: GPA ya NECTA ikiwa ndogo ndiyo nzuri, kwa sababu A inahesabiwa 1. Shule yenye 1.8 imeiacha mbali yenye 3.2.

Sasa kuna kitu ambacho mabango hayakwambii. Fungua matokeo ya kidato cha pili ya shule ileile, miaka miwili nyuma. Waliofanya kidato cha pili 2022 ndio waliokaa kidato cha nne 2024, ni watoto walewale. Ukikuta kidato cha pili walikuwa 140 na kidato cha nne wamebaki 85, jiulize hao 55 wamekwenda wapi. Wengine wamehama kwa sababu za kawaida, ada, wazazi kuhamishwa kazi. Lakini kuna shule zinapendezesha matokeo kwa kuwapunguza wa chini njiani. Mtoto wako wa wastani akiingia huko unaweza ukaitwa ofisini akiwa fomu tuu, na ada umeshalipa.

Chukua shule tatu, ikizidi sana nne. Moja unayoiota, moja inayolingana na mtoto wako kweli, na moja ambayo una uhakika ataingia na ada yake unaiweza hata biashara ikiyumba. Usimburuze mtoto intavyuu nane, anachoka, na ya tano hata jina anaandika ovyo.

Seminari zina utaratibu wao. Za Kikatoliki njia yake inaanzia parokiani, paroko anatakiwa amjue mtoto na aandike barua, kwa hiyo kama mtoto haonekani kanisani usitegemee kukimbilia barua wiki ya mwisho. Baadhi ya shule za Kiislamu nazo wanampima mtoto kusoma Qur'an na maarifa ya dini. Uliza mapema.

Hatua ya 2: Fomu, tarehe na makaratasi

Shule nyingi wanafanya intavyuu kwa awamu. Wapo wanaoanza mwezi wa sita au wa saba, kabla ya NECTA, na wapo wanaosubiri watoto wamalize mtihani, wanafanya kuanzia mwisho wa mwezi wa tisa kuendelea. Shule za bodi za mikoani mara nyingi wanaweka vituo Dar, Mwanza, Arusha, Dodoma na Mbeya ili msisafiri wote mpaka shuleni. Piga simu namba iliyoko kwenye tovuti ya shule au nenda ofisini, uliza maswali haya bila aibu: intavyuu ni lini, masomo gani, lugha gani, kuna ya mdomo au hakuna, na pepa za miaka ya nyuma zinapatikana? Shule kadhaa wanauza au wanatoa bure pepa za zamani ila hawasemi mpaka uulize.

Swali la lugha usilisahau. Kuna shule zinatoa pepa ya Sayansi kwa Kiswahili kwa watoto waliosoma kwa Kiswahili, na kuna shule hawana habari hiyo, kila kitu Kiingereza. Hiyo moja tu inabadilisha maandalizi yote.

Makaratasi ya kuweka kwenye bahasha mapema: kopi ya cheti cha kuzaliwa, picha za paspoti, ripoti za la sita na la saba, matokeo ya darasa la nne, na namba ya PREM ya mtoto, yaani namba yake ya usajili kama mwanafunzi wa shule ya msingi. Hiyo ya PREM wazazi wengi hawaijui, mwalimu mkuu wa shule ya msingi anayo, iandike kabisa kwenye simu yako maana itatafutwa tena wakati wa kuandikishwa. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo au jina limekosewa, RITA usiende mwezi wa kumi na mbili. Nenda leo.

Hela ya fomu ilipe kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la shule. Akija mtu anakwambia tuma kwenye namba yangu nitakuwekea mtoto, au anauza "pepa yenyewe ya Jumamosi", huyo ni tapeli, na hata asipokuwa tapeli mtoto anayeingia kwa pepa iliyovuja atakaa miaka minne kwenye shule isiyomfaa.

Hatua ya 3: Mpime kabla hujalipa tuisheni

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na inakugharimu Jumamosi moja na vocha ya bando.

NECTA wanapotunga mtihani wa la saba wanatoa matoleo mawili, la Kiswahili kwa shule zinazofundisha kwa Kiswahili na la Kiingereza kwa Inglishi midiamu. Maswali ya Hisabati ni yaleyale, lugha tu ndiyo tofauti. Pepa za miaka iliyopita zinapatikana mtandaoni na maduka mengi ya stesheneri wanazo. Pakua Hisabati ya mwaka mmoja, matoleo yote mawili, kachapishe.

Asubuhi mpe ya Kiingereza. Funika machaguo yote kwa karatasi au yakate kwa mkasi, abaki na swali peke yake, mpe maswali 20 na saa moja na nusu. Akimaliza apumzike ale. Jioni mpe maswali yaleyale kwa Kiswahili, na machaguo yake.

Linganisha. Tuseme jioni kapata 17 na asubuhi kapata 7. Hayo kumi katikati ni lugha na njia, Hisabati haijaingia hapo, na hayo yanarekebishika ndani ya miezi mitatu. Akipata 8 asubuhi na 9 jioni, hapo tatizo ni Hisabati yenyewe, na Kiingereza chochote utakachomwaga hakitasaidia mpaka sehemu, desimali na asilimia zikae sawa. Hao ni watoto wawili tofauti kabisa lakini utakuta wamekaa tuisheni moja wanafundishwa kitu kimoja.

Hatua ya 4: Hisabati

Nunua kauntabuku, kila ukurasa piga mstari katikati. Kushoto swali la Kiswahili, kulia lilelile la Kiingereza kutoka zile pepa mbili. Mtoto anaandika mwenyewe kwa mkono, siyo wewe. Maswali matano kwa siku yanatosha. Kushoto inasomeka hivi: Mfanyabiashara alinunua baiskeli kwa shilingi 160,000 akaiuza kwa shilingi 184,000, tafuta asilimia ya faida. Kulia: A trader bought a bicycle for 160,000 shillings and sold it for 184,000 shillings. Find the percentage profit. Baada ya wiki mbili anafunika upande wa kushoto, anafanya kwa kuangalia kulia tu.

Maneno yanayojirudia kwenye hizo pepa siyo mengi. Find, simplify, evaluate, share in the ratio, sum, difference, product, remaining, altogether, at least. Na yale ya topiki, ambayo mtoto anaijua KDS na KKS kama maji ila akiona LCM na GCF anaganda. Yabandike ukutani karibu na anapolala. Akiyajua kama hamsini hivi, pepa nzima inafunguka.

Sasa njia. Chukua lile swali la baiskeli, tuseme lina maksi 3. Anayesahihisha anatafuta vitu vitatu: faida ni 184,000 toa 160,000 sawa na 24,000, hapo maksi moja. Halafu 24,000 juu ya 160,000 mara 100, maksi ya pili. Halafu 15%, ya tatu. Mtoto aliyeandika njia yote ila mwishoni akakosea kugawanya akaweka 16% ana maksi mbili mkononi. Aliyehesabia kichwani au kwenye kiganja akaandika 16% peke yake ana sifuri, na mimi siwezi kumsaidia hata nikitaka, kwa sababu sioni alipotokea. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kwenye swali la aina hii ni mtoto kugawanya kwa bei ya kuuzia badala ya ya kununulia. Mkumbushe, asilimia ya faida inapimwa kwa hela aliyotoa mfukoni.

Watoto wa Kayumba wamezoea pepa ambayo sehemu kubwa ni kuchagua herufi na kuweka kivuli kwenye fomu, kwa hiyo hawajui kuandika hesabu ikashuka chini mstari kwa mstari. Wanarundika yote pembeni, alama ya sawasawa inarudiwa mara tano kwenye mstari mmoja, ukurasa unakuwa kama umemwagiwa kokoto. Sheria ya nyumbani iwe moja: mstari mmoja, sawasawa moja, jibu la mwisho lipigiwe mstari chini na lina kipimo chake, shilingi, sentimita, asilimia. Ukiona jibu halina kipimo mrudishie daftari hata kama ni sahihi.

Kuna mtego mmoja wa kitaalamu nataka niuongelee kidogo. Watoto wetu wamefundishwa MAGAZIJUTO, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwenye Kiingereza ni BODMAS, na hapo katikati kuna herufi O inayosimama kwa of, ambayo MAGAZIJUTO haina. Mpe hili: 24 ÷ ½ of 12. Kwa BODMAS unaanza na nusu ya 12, ambayo ni 6, halafu 24 gawanya kwa 6 unapata 4. Mtoto anayeichukulia of kama kuzidisha tu anaenda kushoto kulia, 24 gawanya kwa nusu ni 48, mara 12, anapata 576. Anajiamini kabisa. Watunzi wanalipenda sana swali hili.

Topiki za kukazia: sehemu na desimali, asilimia, faida na hasara, riba rahisi, uwiano, mlinganyo mwepesi wa aina ya 3x − 7 = 11, eneo na mzingo, ujazo, Pithagorasi, wastani na usomaji wa grafu. Logarithimu na matriki anazofundishwa huko tuisheni ni za mbele huko, achana nazo. Na kikokotoo weka kabatini mpaka mwakani.

Hatua ya 5: Kiingereza

Hapa nataka uwe mkweli na nafsi yako. Miezi mitatu haitamfanya mtoto aongee kama mtangazaji. Lakini intavyuu haitaki hivyo. Inataka aelewe habari fupi na kujibu maswali yake, ajaze mapengo ya sarufi, na aandike insha ya nusu ukurasa inayoeleweka.

Insha ndiyo inayotenganisha watoto. Wengi wanakuja wamekariri moja, My School au My Family, wakikuta swali linasema andika ulichofanya Jumamosi iliyopita wanaandika My Family hivyohivyo. Mwenzangu wa idara ya Kiingereza akiona sentensi ya kwanza tu anajua inaishia wapi, na inaondoka na maksi mbili tatu za huruma.

Dawa yake ni ndogo na inachosha. Kila usiku mtoto anaandika sentensi tano za siku yake, wakati uliopita, kwa Kiingereza chake mwenyewe. I woke up at six. I fetched water. My young brother cried because he lost his shoe. Hazitakiwi ziwe nzuri, zinatakiwa ziwe zake. Wiki ya kwanza utaona "I am go", utaona "My father he is a farmer" kwa sababu kichwani anasema baba yangu yeye ni mkulima, utaona "people is many". Usisahihishe yote kwa mpigo. Chagua kosa moja kwa wiki, wiki hii ni he na she kurudiwa bila sababu, wiki ijayo was na were. Ukimwaga wino mwekundu ukurasa mzima ataacha kuandika.

Mzazi unasema mimi mwenyewe Kiingereza hakipandi, nitasahihishaje? Mtafute binti au kijana wa kidato cha tatu au cha nne hapo mtaani, nusu saa mara tatu kwa wiki, mpe chochote kidogo. Mara nyingi anafanya kazi nzuri kuliko darasa la tuisheni la watoto 80. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu viko bure kwenye maktaba mtandao yao, vya Kiswahili na vya Kiingereza, unavisoma kwenye simu. Asome kwa sauti ukurasa mmoja kila siku, wewe sikiliza tu hata kama huelewi kila kitu, ukisikia anakwama kwama sana jua ukurasa ni mgumu, rudi kitabu cha darasa la chini yake. Hakuna aibu mtoto wa la saba kuanza na Kiingereza cha la nne.

Sarufi wanapima vitu vilevile miaka yote: nyakati, umoja na wingi, kinyume cha maneno, a an the, viunganishi, zile tagi za mwisho wa sentensi kama isn't it, na kupanga sentensi zilizovurugwa. Mazoezi yake yamejaa kwenye pepa za zamani.

Hatua ya 6: Sayansi na maarifa ya jumla

Hii nitapita haraka kwa sababu shule nyingi hawaipi uzito kama Hisabati na Kiingereza, na nyingine hawaipimi kabisa. Tumia kauntabuku ileile ya mstari katikati, ila badala ya maswali weka michoro. Mmea na sehemu zake, moyo, mfumo wa chakula, saketi ya umeme, mzunguko wa maji. Mtoto achore mwenyewe aweke majina kwa lugha zote mbili. Maarifa ya jumla wanauliza vitu vya kawaida, viongozi waliopo, mikoa, historia ya Uhuru na Muungano. Akisikiliza taarifa ya habari na wewe mara chache kwa wiki inatosha.

Ratiba, na NECTA usiiweke rehani

Kuna wazazi wakishasikia mtoto kapita intavyuu mwezi wa nane wanalegea, na mtoto naye analegea, NECTA inamkuta anacheza. Hapana. Shule zenyewe ofa zinatoa kwa masharti ya kufaulu la saba. Yale masomo sita ya NECTA, kila moja maksi 50, jumla 300, ndiyo yanayompa nafasi ya serikali pia, na ile nafasi ya serikali ndiyo bima yako kama binafsi imegoma au hela imekata.

Kwa hiyo mimi napendekeza hivi. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, polepole, zile sentensi tano za usiku na maswali matano ya Hisabati, dakika 45 jumla, basi. Likizo ya mwezi wa sita ndiyo ya kukaza, asubuhi saa mbili au tatu za Kiingereza na Hisabati, jioni acheze. Mwezi wa nane mpaka siku ya NECTA rudisha nguvu yote kwenye masomo ya la saba kwa Kiswahili, bakiza sentensi tano tu. Akimaliza NECTA mpe wiki moja alale, aende kwa bibi, halafu anza tena kwa nguvu kama kuna intavyuu ya mwezi wa kumi.

Zile kozi za pre-form one za baada ya NECTA siyo mbaya. Ila uliza nani anafundisha na darasa lina watoto wangapi. Kozi inayomfundisha Baiolojia ya fomu wani mtoto ambaye hajui kuandika sentensi tano za Kiingereza inamuuzia mzazi furaha tu.

Na wenye watoto watakaomaliza 2027 nawaomba mjipange mapema zaidi ya wote. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inashuka kuwa miaka sita, walioanza la tatu 2024 wanamaliza darasa la sita 2027, mwaka huohuo ambao waliowatangulia wanamaliza la saba. Madarasa mawili yanaingia fomu wani kwa pamoja Januari 2028. Viti vya shule nzuri haviwezi kuongezeka mara mbili kwa mkupuo.

Intavyuu ya mdomo

Siyo zote zina ya mdomo, ila zinazofanya wanaipenda kweli. Mtoto anaingia peke yake, walimu wawili au watatu wako mezani, wanamuuliza jina, anatoka wapi, anapenda somo gani, kwa nini anataka shule hii. Niliwahi kukaa meza hiyo, akaja kijana kanyooshwa vizuri, akasema kwa Kiingereza kwamba amechagua shule yetu kwa sababu ya ubora wa kitaaluma na malezi bora. Mwenzangu akamuuliza ubora wa kitaaluma ni nini. Kimya. Yale maneno ni ya baba yake. Baada yake kaingia binti, Kiingereza kimevunjika vunjika, akasema mama yake anauza samaki Feri na yeye ndiye anayehesabu hela jioni, tukamuuliza mama akinunua ndoo kwa kiasi fulani akauza kwa kiasi fulani anabaki na ngapi, akajibu kabla hatujamaliza swali. Unadhani nani alichukuliwa.

Kwa hiyo usimwandikie majibu. Mfanyishe mazoezi ya kuongea kuhusu vitu anavyovijua, nyumbani kwao, shuleni kwao, mchezo anaoupenda, na mfundishe sentensi moja ya kujiokoa: Sorry, can you repeat the question please? Akiisema kwa adabu hakuna anayempunguzia maksi. Aingie, aseme good morning, asubiri kuambiwa kaa, aangalie watu usoni. Kwetu mtoto akiangalia chini ni heshima, lakini pale mezani mwalimu anaweza kudhani anaogopa au anadanganya, kwa hiyo mwambie hilo mapema.

Wewe mzazi unaweza kuitwa pia. Watakuuliza ada utalipaje. Jibu kweli. Ukitaka kulipa kwa awamu nne badala ya mbili sema hapohapo, wengi wanakubali.

Siku yenyewe

Jana yake asisome kitu kipya, alale saa tatu. Avae sare ya shule yake, safi. Peni mbili, penseli mbili, rula, kifutio, mkebe wa hisabati, saa ya mkononi ya kawaida kama ipo. Chai nzito nyumbani, siyo soda na mandazi getini. Kama ni Dar toka mapema, foleni ya Kimara au Mbagala haijui intavyuu, na mtoto anayeingia anahema dakika kumi za kwanza hazipo.

Mfundishe kugawa muda: pepa ikija asome yote kwanza, aanze na anayoyaweza, swali likimkalia zaidi ya dakika nne aruke. Asiache swali lolote jeupe, hata akiandika fomula tu au mstari wa kwanza, kuna nusu maksi au maksi nzima hapo. Nimeona watoto wakikosa nafasi kwa maksi mbili huku wameacha maswali matatu matupu. Akitoka usimhoji njiani swali kwa swali, hasa kama kuna nyingine wiki ijayo.

Majibu yakitoka

Shule nyingi wanatuma meseji au wanapiga simu ndani ya wiki moja mbili. Akipita, kabla hujalipa chochote omba fomu ya kujiunga yote kwa maandishi na ukae na kalamu ujumlishe: ada, bweni, sare, godoro, michango, mitihani ya kujipima, bima, nauli za likizo. Ada iliyoandikwa kwenye bango na hela utakayotoa kweli mwaka wa kwanza ni vitu viwili. Uliza pia hela ya kushikia nafasi inarudishwa au hairudishwi, na muhimu kuliko yote, uliza wastani wa kuvuka darasa ni ngapi na asiyeufikisha anafanywaje. Wakizunguka zunguka kujibu, unakumbuka lile hesabu la 140 na 85.

Akikosa, usilete msiba nyumbani. Piga simu ofisi ya taaluma Jumatatu asubuhi, siyo Jumamosi jioni, waombe maksi za kila somo, wengi wanatoa ukiomba kwa ustaarabu. Kiingereza 35 na Hisabati 70 ni habari njema sana, mrudishe kwenye sentensi tano na umpeleke awamu inayofuata au shule ya pili kwenye orodha yako. Kama vyote viko chini ya 40 acha kuzunguka, mpokee nafasi yake ya serikali Januari, endelea na daftari la mstari katikati jioni, na shule kadhaa wanapokea wanaohamia fomu tuu kwa intavyuu nyingine mwishoni mwa mwaka. Hizo tangazo zake hazibandikwi kwenye nguzo, unauliza ofisini kuanzia mwezi wa kumi.